Shule Niliyomchagulia Kaka Yako

Rebeka mama,

Nakuandikia mchana huu wakati wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa mama mdogo. Nyumba imetulia. Sanduku lako liko hapa sebuleni, limeshafungwa, na kila nikiinua macho naliona. Sitakuandikia habari za sabuni, wala ndala, wala kulala mapema. Hayo mama yako ameshakuambia mara tatu, na ninavyokujua utafuata nusu, inatosha. Nataka nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema lote kwa mtu mmoja. Mama yako anajua kipande, kaka yako Yonathani anajua kipande. Wewe nataka ulijue lote kabla hujaanza kuishi mahali ambapo sisi hatupo.

Unajua kwamba mimi nilizaliwa Mishamo. Babu na bibi yako walitoka Burundi kwa miguu, wakapewa eneo pale, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na mihogo. Nyumbani tulisema Kirundi, shuleni Kiswahili, na sikuona tatizo lolote mpaka nilipokuja hapa Mpanda kusoma sekondari. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza, "Wewe unatoka wapi?" Nikasema, "Mishamo." Mtu mmoja nyuma akasema, "Mkimbizi huyo," na darasa zima likacheka. Hakuna aliyenipiga. Lilikuwa neno tu. Lakini kwa miaka minne niliogopa swali lile kuliko mtihani wa hesabu. Nilijifunza kuongea Kiswahili mpaka mtu asisikie nyumbani kwetu ndani yake. Na baadaye sana, tulipopewa uraia na cheti nikakishika kwa mikono yangu, bado mtu akiniuliza natoka wapi nilisema "Mpanda" harakaharaka, halafu nageuza mazungumzo.

Nimeanza huko ili uelewe kwa nini niliipenda ile shule kabla hata ya kuona darasa.

Yonathani alipokuwa na miaka kumi, wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa. Nilikuwa mkalimani wa shirika la kanisa linalochimba visima, kama nilivyo mpaka leo. Wageni wangu wakati ule walikuwa Baba Mika na Mama Mika, watu wa Ufini. Mtoto wao Mika alilingana na Yonathani. Hao wawili walikuwa kitu kimoja. Mika alikula ugali hapa akachelewa kurudi kwao, Yonathani akalala kwao siku za Jumamosi, na Bibi yako akija kututembelea alikuwa anawasemesha wote wawili Kirundi bila kubagua. Mama yako, ambaye ni mtu wa Mpimbwe, mwenyeji wa huku, alikuwa anacheka, anasema, "Katika nyumba hii mimi ndiye mgeni peke yangu."

Mama Mika alikuwa anamfundisha mtoto wake nyumbani, mezani. Ikafika mahali akaona haiwezekani tena. Wakaanza kutafuta shule. Sijawahi kuona watu wanahangaika vile kwa ajili ya shule. Waliandika barua, wakapiga simu kwa wazazi wengine, wakagombana kwa lugha yao jikoni, wakaja kuniomba radhi kwa kelele. Kulikuwa na shule moja ya Kikristo ya watoto wa wageni, ya bweni, kule milimani, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Wakaamua kwenda kuiona, na wakaniomba nifuatane nao kumsaidia dereva njiani. Shirika lilikuwa na utaratibu kwamba watoto wa wafanyakazi wake wote, hata sisi wenyeji, wangeweza kupelekwa pale. Baba Mika ndiye aliyenikumbusha. "Zakaria," aliniambia, "na wewe tazama kwa macho yako."

Nikatazama. Kulikuwa na baridi na miti mirefu, na kanisa dogo la mawe, na maktaba yenye vitabu mpaka darini. Lakini siyo hivyo vilivyonichukua. Wakati wa chakula niliketi na watoto. Kulikuwa na Wakorea, Wakenya, Wamarekani, Wajerumani, na mtoto mmoja ambaye baba yake ni Mkongo na mama yake Mholanzi. Nikamuuliza binti mmoja, nikijua kabisa swali ninalouliza, "Wewe unatoka wapi?" Meza nzima ikacheka. Yule binti akasema, "Unataka jibu fupi au refu?" Nikaona kwamba hapa hakuna mwenyeji hata mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuitwa mgeni. Rebeka, nilitaka kulia juu ya sahani yangu.

Mama mmoja mtu mzima, mlezi wa bweni, alitutembeza. Mama Mika alimuuliza watoto wanajifunza nini kwanza wakifika pale. Yule mama akafikiri, akasema, "Kuaga. Wanajua kuaga kabla hawajajua kitu kingine." Mimi nilitafsiri moyoni kwamba ni ushupavu. Mama Mika alisikia neno lilelile, na jioni akamwambia mume wake wasiharakishe.

Wao walichukua karibu mwaka mzima kuamua. Walimpeleka Mika mara mbili akaone, akalale, akarudi, wakamuuliza. Mimi niliamua ndani ya gari, tukiwa njiani kurudi, hata Mpanda hatujaiona. Nilipofika nilimwambia mama yako, "Yonathani nimempatia shule." Mama yako akauliza, "Umemuuliza?" Nikasema, "Mtoto wa miaka kumi anaulizwa nini?"

Basi wakaenda wote wawili. Muhula wa kwanza haukuisha, Yonathani akaandika barua. Bado ninayo. Imeandikwa kwa penseli. Anasema anaumwa tumbo kila asubuhi, lakini nesi haoni ugonjwa. Anasema, "Baba, naomba nije nyumbani kidogo halafu nitarudi." Unajua nilimjibu nini? Nilimwandikia mistari minne ya Biblia. Nilimwambia aombe. Nilimwambia nafasi aliyopata wenzake wa hapa mtaani Makanyagio hawaioni hata kwa ndoto. Barua nzuri sana, ningeweza kuisoma kanisani. Haikuwa na neno hata moja la kumjibu mtoto anayeumwa tumbo.

Mika naye aliandika kwao kama vile. Baba yake aliwasha gari siku ileile, akaenda akamchukua, wakamkalisha nyumbani mpaka mwaka ukaisha. Nilimwona dhaifu. Nilimwambia mama yako, "Wazungu nao wanadekeza." Mika alirudi shuleni baadaye, kwa hiari yake, akamaliza vizuri. Yonathani hakurudi nyumbani, na hakuandika tena barua ya namna ile. Nikajisifu kwamba amezoea. Kumbe alichozoea ni kutoniambia.

Kosa langu la pili nililifanyia humuhumu ndani. Alipokuja likizo Kiingereza chake kilinipendeza mno. Nikaweka sheria kwamba likizo nzima ni Kiingereza, na Kiswahili cha kuombea chumvi tu. Bibi yako alikuja kutoka Mishamo kumwona mjukuu. Akaanza kumsemesha Kirundi kama zamani. Mimi nikamwita pembeni nikamwambia, "Mama, usimsemeshe Kirundi. Unamchanganya."

Bibi alinitazama. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa na mimi niongee naye lugha gani?"

Nikamwambia Kiswahili. Kiswahili cha Bibi yako kilikuwa cha sokoni, cha kuuza maharage na kusalimia. Mambo yake ya ndani, hadithi zake, utani wake, maombi yake, vyote vilikuwa Kirundi. Kuanzia siku ile akawa anamwambia mjukuu wake "Umekula?" na "Umelala?" na "Kazi ya shule?" Halafu anakaa. Wageni wa kanisani walikuwa wananiambia, "Mama yako siku hizi amekuwa mpole." Hakuwa mpole. Nilikuwa nimemfunga mdomo ndani ya nyumba ya mtoto wake.

Na mimi nilikuwa nafanya vile kwa sababu niliona aibu. Siyo aibu ya yeye. Aibu ya lile darasa lililocheka. Nilitaka mwanangu asiwe na kitu chochote mdomoni ambacho mtu anaweza kukicheka. Nilimchukua mtoto nikampaka dawa ya kidonda changu mimi.

Wewe ulikuwa na miaka mitano Bibi alipougua. Sijui unakumbuka nini. Tulimtoa Mishamo tukamleta hapa awe karibu na hospitali, tukamlaza chumba chenu. Ilikuwa likizo, Yonathani alikuwa na miaka kumi na minne. Siku moja nilikwenda Kabungu na wageni, kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya kisima. Mama yako akaenda duka la dawa, akakuchukua wewe. Yonathani akabaki na Bibi.

Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka Bibi. Ugonjwa unafanya hivyo kwa wazee, inabaki lugha ya mwanzo. Mchana ule alipata nguvu, akaketi, akamshika Yonathani mkono, akaanza kuongea. Aliongea sana. Yonathani hakuelewa; Kirundi kidogo alichokuwa nacho utotoni kilikuwa kimeshafutika. Mtoto wa watu alifanya alichoweza, alishika ule mkono, na kila Bibi aliponyamaza kungoja jibu, akasema, "Ndiyo, Bibi."

Nilirudi jioni nikamkuta amelala. Hakuamka tena akasema neno. Alfajiri tukampeleka hospitali, na saa nne akafariki. Nikamuuliza Yonathani, "Bibi alisema kitu?" Akasema, "Aliongea sana, Baba." "Alisema nini?" "Sijui." Na mimi, Rebeka, mimi niliyeweka ile sheria, nilimgombeza. Nikamwambia, "Hata neno moja hukushika? Ni bibi yako!" Aliinamisha kichwa. Siku nzima ile nilikuwa Kabungu nafasiri maneno ya watu nisiowajua kwa wageni wanaokuja na kuondoka, mama yangu mzazi anasema maneno yake ya mwisho nyumbani kwangu na hakuna mtu wa kumfasiria.

Tulimzika hapa Mpanda. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Mishamo, na mchungaji akasema udongo wote ni wa Mungu, nikaona ni sawa.

Ulipita mwaka. Likizo nyingine, nilikuwa uani naosha pikipiki, Yonathani akaja akasimama karibu. Alikuwa amerefuka. Akaniuliza kwa Kiswahili, kitu ambacho hakuwa anafanya tena, "Baba, imuhira maana yake nini?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Nyumbani. Ni Kirundi. Kwa nini?"

Nikageuka. Alikuwa amekaa chini kwenye maji machafu ya pikipiki, na suruali yake ya shule.

"Bibi alilisema sana," akasema. "Siku ile. Alikuwa ananishika, anasema imuhira, imuhira. Na mimi nilimwambia ndiyo. Kila akisema, nilimwambia ndiyo, Bibi." Halafu akasema, "Baba, nilimwahidi kitu. Nilimwahidi na sikujua."

Ningeweza kumwambia maneno mengi wakati ule. Kwamba kosa ni langu. Kwamba Bibi alikufa akiwa amesikia ndiyo kutoka kwa mjukuu wake, na labda hiyo ilimpa amani. Sikusema hata moja. Nilimwambia, "Inuka, unalowa." Nikaendelea kuosha pikipiki, nimempa mgongo ili asinione uso. Aliinuka akaingia ndani. Hatujaongea tena jambo lile mpaka mwezi uliopita, na nitakuambia hilo.

Baadaye nilifikiri kumhamisha Bibi. Nikaenda mpaka Mishamo, nikasimama penye kaburi la babu yako. Nikaanza kujiuliza, nyumbani alikotaka ni hapa, kwa mume wake, au ni kule Burundi alikozaliwa akachunga ng'ombe wa baba yake? Aliyeambiwa hakuelewa, na ambaye angeelewa hakuwepo. Nikashindwa kujua nimpeleke wapi. Nikarudi.

Kaka yako alimaliza vizuri, unajua, cheti kiko ukutani. Sasa yuko nje anasoma, na watu kanisani wananipongeza. Anapiga simu Krismasi na Pasaka. Ana adabu, anauliza afya zetu. Kabla ya kukata anasema, "Haya, wasalimie wote huko kwenu." Kwenu. Kila mara nasema, "Zimefika," halafu nakaa na simu mkononi.

Kwa hiyo uliposema mwaka jana unataka kwenda shule ileile, nilisema hapana, na nilisema kwa ukali, na wewe hukujua kwa nini. Ulinuna wiki mbili. Halafu ukaja ukasimama mlangoni hapo ukaniuliza, "Baba, unanizuia mimi kwa kosa la kaka?"

Nilikujibu vibaya, naomba unisamehe. Lakini uliniamsha. Kosa halikuwa la kaka yako, wala sidhani kama lilikuwa la shule. Walimu wale walimfundisha vizuri na wengine walimpenda. Nilitaka shule imfanyie mtoto wangu kazi ambayo ilikuwa yangu, ya kumwambia yeye ni mtu wa wapi bila kuona haya. Wale watoto waliocheka mezani walikuwa na jibu refu. Mimi wangu sikumpa hata lile fupi.

Safari hii tumefanya kama Mama Mika. Tumekwenda mara mbili. Umelala kule siku tatu. Mama yako amekuuliza nisipokuwepo, na mimi nimekuuliza asipokuwepo. Umesema unataka vitabu, na muziki, na kwamba unaogopa, na bado unataka. Nimekubali. Sijui kama ninafanya sawa. Ungetaka nijue, najua, ila ukweli ni huo.

Sasa hili la mwezi uliopita. Kabla sijatoa jibu la mwisho nilimpigia Yonathani. Siyo Krismasi wala Pasaka, akashtuka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia, "Nataka ushauri wako. Rebeka aende au asiende?" Akauliza, "Unaniuliza mimi?" Sijawahi kumuuliza kaka yako kitu chochote maishani mwake, ndiyo maana. Halafu akasema, "Aende, Baba. Ni shule nzuri. Lakini akikuandikia kwamba anaumwa tumbo, usianze kwa kumwombea. Mfuate kwanza, utamwombea kwenye gari."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Halafu nikamwambia yale niliyopaswa kumwambia uani, yote, vibaya vibaya, kwa Kiswahili changu na chake, mpaka salio likaisha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimesikia, Baba." Nami sitamwomba zaidi ya hapo. Kuna mambo, mwanangu, unayakiri umechelewa, na kuyakiri hakurudishi mtu. Unayakiri tu kwa sababu ni ya kweli.

Basi ninachokuomba ni kidogo. Usiniandikie barua nzuri. Niandikie ya kweli, hata kama ni mbaya, hata kama umeomba kurudi wiki ya pili. Nimeshamwambia bosi wangu kwamba naweza kuondoka siku yoyote, naye amekubali. Ukirudi hapa hujashindwa kitu. Ukikaa pia, kaa kwa sababu unapenda, siyo kwa sababu baba yako atasifiwa kanisani.

Na kitu kimoja kuhusu kesho. Siku tuliyomsindikiza Yonathani, sikulia. Baba Mika alikuwa analia waziwazi akimshika mtoto wake, na mimi nilisimama wima kama askari, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nilimpa kaka yako mkono. Mkono, Rebeka, mtoto wa miaka kumi. Akaniangalia usoni, akatafuta kitu, akakikosa, akapanda gari. Nafikiri alikwenda akiamini kwamba mimi haikuniuma.

Kesho nitalia. Nitalia pale stendi mbele ya makondakta na wauza karanga, na mama yako ataona haya, na wewe pengine utaona haya pia. Usinikimbie. Subiri kidogo mpaka nimalize, ndipo upande.

Ni mimi ninayekupenda,
Baba yako Zakaria